Ndege Nyuma ya Bawaba

Mama mwenye nyumba aliupiga mlango wa chumba teke. Ukakwaruza sakafu, ukasogea kidogo, ukagoma katikati.

"Unaona, fundi? Hapa ukitaka kulala, kwanza upigane. Tulipohamia tuliukuta hivi hivi. Aliyeufunga sijui alipimia kwa pua!"

Fundi mwenyewe, binti wa fundi, alicheka. Baba yake alimpa jina la Randa, kwa sababu utotoni hakukubali kuachwa nyumbani. Baba akitoka kwenda kazini, naye yumo kwapani kama randa ya kulainishia mbao. Sasa sanduku la vifaa alilibeba mwenyewe. Lilikuwa lile lile, na mpini wake ulikuwa umelika mahali ambapo vidole vya baba vilikaa miaka yote.

"Labda siku hiyo alikuwa na mgonjwa nyumbani," alisema, akipiga magoti.

"Nani?"

"Huyo fundi."

"Wewe nawe! Unamtetea mtu hata humjui?"

Randa alifungua sanduku. Mbele ya wateja maneno humkaukia. Tena lile neno la kumtetea fundi halikuwa lake, lilikuwa la baba. Enzi zile alipokuwa akimshikia tochi, baba hakugusa kazi iliyoharibiwa na mwenzake bila kumtafutia sababu. Dirisha limekaa upande: "Huyu alikuwa anawaza harusi yake." Rafu imepinda: "Maskini, kiatu kilikuwa kinambana." Randa naye akatunga za kwake, kwamba fundi alikuwa amebanwa na haja na choo kilikuwa na foleni, na baba akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Ukianza na hasira," alimwambia, "mkono utaharibu pale pale palipoharibika."

Halafu kabla ya kufunga sanduku, lazima atafute kitu kimoja ambacho yule aliyetangulia alikifanya vizuri, akiache kilivyo. "Usimfute mtu wote, mwanangu. Naye aliamka asubuhi akaja kazini."

Siku hizi baba alikuwa mtu wa kukaa nyumbani. Mikono ilianza kutetemeka, akaweka vifaa chini. Lakini kila mgeni aliyeingia aliambiwa, na kidevu kimeinuliwa: "Mimi niliacha kazi kabla sijaharibu kazi ya mtu." Sentensi hiyo ndiyo aliyobaki nayo. Na kila jioni alimuuliza binti yake, "Leo umekuta kazi ya nani? Umemtafutia sababu gani?" Kwa hiyo Randa alimpelekea makosa ya mafundi jinsi watoto wengine wanavyowapelekea wazazi wao matunda.

Alitazama bawaba ya juu kwanza. Ilikaa sawasawa kabisa, na mifuo ya skrubu zake, ile mipasuo ya kuingizia bisibisi, ilikuwa imesimama wima yote, kama watu kwenye foleni. Alimjua mtu mmoja tu mwenye tabia hiyo. *Aa, mafundi ni wengi,* alijiambia, akainamia bawaba ya chini.

Hapo skrubu zilikuwa zimelala kila moja na upande wake. Moja ilipigwa na nyundo baada ya kugoma. Alizifungua taratibu, akakitoa kile chuma. Mti chini yake ulikuwa umechimbwa na patasi iliyoteleza, upande mmoja umezama kuliko mwingine, ndiyo maana mlango uliinamia sakafu. Na katikati ya shimo hilo, kwa penseli, alikuwepo ndege mdogo.

Ndege wao. Baba alizoea kumchora nyuma ya bawaba, mahali ambapo hakuna atakayemwona, kisha kumwambia Randa, "Haya, tumfungie ndani alinde nyumba." Kwenye milango ya zamani alichorwa kwa mstari mmoja tu usiokatika. Huyu bawa lake lilikuwa limekwenda ovyo, kama limechorwa ndani ya gari linalopita kwenye mashimo.

Randa alikaa chini sakafuni. Kwa hiyo baba aliwahi kuharibu. Alikuja hapa peke yake, na ile mikono, akahangaika, akaondoka, asimwambie mtu. Jioni ataulizwa. Akisema kweli, atamnyang'anya baba sentensi yake. Akitunga mlango mwingine, utakuwa uongo wa kwanza katika mchezo wao wote.

"Vipi, umekuta nyoka?" mama mwenye nyumba aliuliza kutoka jikoni.

"Hapana, mama. Nimejua tu kwa nini aliharibu."

"Enhe?"

"Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Na hakutaka mtu ajue."

Mama alikuja mpaka mlangoni, akafuta mikono kwenye kanga. Safari hii hakuwa na utani. "Basi pole yake," alisema.

Randa alichonga ubao mwembamba kama ganda, akaujaza upande uliozama tu, ndege asifunikwe. Akaziba matundu mabovu, akarudisha bawaba, akakaza skrubu mpya mpaka mifuo yote ikasimama wima. Ya juu hakuigusa. Mama alipousukuma mlango kwa kidole kimoja, ukaenda kimya mpaka mwisho.

"Loo! Huu si mlango wangu!"

Jioni baba alikuwa kwenye kiti chake, kikombe kimejaa nusu, amekikumbatia kwa viganja vyote viwili kama anavyopenda siku hizi, eti kwa sababu ya baridi.

"Haya, Randa. Leo kazi ya nani?"

"Mlango wa chumba, baba. Ulikuwa unakwaruza chini." Aliweka sanduku chini. "Fundi wake alikuwa anaumwa mkono. Nadhani aliipenda sana kazi, ndiyo maana hakumwambia mtu."

Baba hakucheka. Aliinamia kikombe chake, na Randa akatamani kuyarudisha maneno yake.

"Nyumba yenye veranda nyembamba," baba alisema. "Dirisha la chumba linatazama ukuta."

"Ndiyo, baba."

"Na bawaba ya juu umeifanyaje?"

"Nimeiacha ilivyo. Imekaa vizuri mno."

"Ile ilikaa," baba alisema, na sauti yake ikawa kama ya zamani. "Na ndege?"

"Yumo. Nimemfungia ndani."

Baba aliitikia kwa kichwa polepole. Kisha akaachia mkono mmoja, akamsogezea binti yake kikombe, kikitetemeka waziwazi mbele yake.

"Niongeze chai, fundi wangu. Usijaze. Mkono huu siku hizi unamwaga."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiutaja. Randa alimimina kidogo tu, akasogeza kiti chake karibu.