Kahawa ya Klemet

Redio ilisema tangu Jumatatu: upepo utageuka, utatoka magharibi baharini, na Jumatano jioni itanyesha mvua. Mvua, mwezi wa Januari! Halafu Ijumaa baridi irudi palepale ilipokuwa. Watu wa kule juu kaskazini hawaogopi baridi, wamezaliwa nayo. Wanaogopa mvua. Ikinyesha juu ya theluji kisha ikaganda, ardhi yote inafunikwa barafu, na ukoga mweupe anaoufukua kulungu wao wa kufugwa kwa kwato anakuwa anauona kwa macho tu. Mnyama anakufa njaa amesimama juu ya chakula.

Ravna alisikia habari hizo akatabasamu. Naam, alitabasamu, mama mtu mzima. Msitu wa misonobari wa kando ya mto ulikuwa wake, urithi wa marehemu mumewe Issát, na miti yake ni ya zamani, imeota ndevu ndefu za ukoga ambazo kulungu wanazila hata nchi igande vipi. Kundi lake kubwa lilikuwa limeshaingia humo. Walikuwa wamebaki majike arobaini tu nyuma ya kilima, nao hawakuwa wake. Walikuwa wa Elen, binti yake, kila mmoja na alama ya Elen sikioni. Elen alikuwa anaacha kazi ya dukani huko kusini, arudi Pasaka, aanze maisha na majike hayo. Alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi. Ravna angewafuata Jumatano, mkanda mpya wa pikipiki ya theluji ukishafika.

Jumanne asubuhi akaja Klemet, mdogo wa marehemu Issát. Alikung'uta viatu, akaingia, akakaa kwenye benchi karibu na jiko, kofia mkononi. Birika lilikuwa linachemka.

Sasa, kule kuna adabu moja ambayo hata mlevi anaishika. Mgeni hasemi lililomleta mpaka anywe kahawa. Kikombe cha kwanza ni cha baridi ya njiani. Cha pili ndicho cha habari. Na mwenye nyumba haulizi, anamimina.

Ravna hakumimina. Alijimiminia yeye, akakata kipande cha jibini, akakitumbukiza kikombeni kama wafanyavyo kule, akanywa huku anamtazama.

"Shemeji," Klemet akasema baada ya muda, "baridi leo."

"Kwani lini haikuwa baridi? Sema shida yako."

Klemet akatazama birika. Masikio yakamwiva.

"Mvua inakuja. Kundi langu liko uwandani, hakuna mti hata mmoja. Naomba niwapitishe msituni kwako. Wiki mbili tu, shemeji. Nikianza leo tutawahi."

"Ehee! Leo mimi ni shemeji. Yule ndama ulipomchora alama yako, ananyonya kwa jike la Issát mchana kweupe, nilikuwa nani?"

"Nilikosea. Kulikuwa na vumbi zizini. Nilimwambia kaka hivyo."

"Akakuamini? Amekufa hasemi nawe. Ukaja mazikoni ukala nyama sahani tatu, niliziona."

"Ravna, nakuomba. Unataka nipige magoti?"

"Piga nione."

Na Klemet, mwanamume wa miaka hamsini na mitano, akapiga magoti pale kwenye sakafu ya mbao, theluji ya viatuni ikimyeyukia. Ravna alisikia raha mpaka kwenye mifupa. Miaka mitatu alikuwa ameingojea raha hiyo, na sasa ilipokuja hakutaka iishe upesi, akamwacha mpaka alipomaliza kikombe.

"Haya, inuka. Jibu ni hapana. Waache wale barafu."

Klemet akainuka. Hakuondoka. Alisimama akilitazama birika, kisha akamtazama yeye, kama anayempa nafasi.

"Kuna habari nyingine," akasema taratibu.

"Kampe mwenye kahawa ya kukupa."

"Kweli, Ravna? Hata kikombe kimoja?"

"We mtu husikii? Mlango ule pale."

"Basi," akasema Klemet, akavaa kofia.

Jumatano mkanda ukafika. Ravna akapanda mpaka nyuma ya kilima, akakuta mashimo ya kwato yamefukiwa na theluji ya upepo, na mnyama hakuna. Alizunguka kutwa, kaskazini, mashariki, akipiga mluzi mpaka midomo ikapasuka. Wazo la kumpigia Klemet lilimjia mara mbili. Simu aliitoa, akairudisha mfukoni. Anipate anicheke? Ng'o! Saa kumi jioni tone la kwanza likamwangukia kwenye shavu, vuguvugu.

Ilinyesha usiku na mchana. Ijumaa kukaganda.

Jumamosi Ravna alichemsha kahawa, akaijaza kwenye thamosi, akashika njia ya uwandani. Alikuwa ameshajua ile habari nyingine ilikuwa ipi. Aliwakuta wametawanyika juu ya barafu inayong'aa, kundi zima, wengine wamelala na hawakuinua vichwa. Waliosimama walikuwa wanachimba, na kila walipochimba palikuwa na damu ya kwato. Hakuhitaji kutafuta sana. Kila jike la tatu au la nne lilikuwa na alama ya Elen.

Klemet alikuwa amekaa kwenye sleji yake ya kukokotwa thelujini, macho mekundu.

"Walichanganyika na wangu Jumapili," akasema kabla hajaulizwa. "Nilikuja kukwambia. Ungesema ndiyo, wote wangekuwa msituni sasa hivi, wenu na wangu."

"Kwa nini hukusema? Klemet! Ni wa mtoto wa kaka yako!"

"Nilipiga magoti."

"Tuwapeleke sasa. Tuondoke hivi sasa, shemeji."

"Kwa miguu hiyo? Hawafiki hata mtoni."

Ravna alifungua thamosi, akamimina kikombe mpaka kikafurika, akamnyooshea kwa mikono miwili. "Kunywa," akasema. "Kunywa, nakuomba."

Klemet akakipokea. Alikishika kifuani kidogo, akapasha vidole joto, kisha akakimwaga chini taratibu. Barafu ikatoa mvuke, ikazama, pakawa na kishimo kinachotosha ngumi, na ndani yake ukaonekana ukoga mweupe. Jike moja la Elen likajikokota, likaingiza pua, likala lililokuwemo, likabaki pale linalamba.

"Haya mimina cha pili," akasema Klemet, "nikupe ile habari ya Jumanne."