Oda ya Mtandio

Mkekani hapakuanza kama mahali pa siri. Palianza kama duka. Mwenye Mkeka alikuwa na mitandio ishirini kwenye mfuko wa nailoni na simu yenye kioo kilichopasuka, akafungua kundi mtandaoni, akaliita Mkekani, ili auze. Akina mama wakaja kutazama rangi, wakakaa. Wakaanza kuulizana habari za homa za watoto, za wakwe, za waume wanaorudi na harufu isiyo ya nyumbani. Siku moja mwanamke mmoja akaandika, "Nina neno zito, ila naona haya. Nivikeni mtandio kwanza." Maana yake, ficheni jina langu. Kundi zima lilicheka, na tangu siku hiyo likawa ndilo neno lao. Aliyetaka kusema bila kujulikana alituma ujumbe wa faragha: naomba mtandio. Mwenye Mkeka alimsikiliza, akaondoa jina, akaondoa mtaa, akaondoa hata idadi ya watoto, kisha akayaweka maneno yale mbele ya wenzake wamshauri. Miaka sita sasa, wanawake elfu kumi na moja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuliwa.

Na mitandio ya kuvaa iliendelea kuuzwa. Hapo ndipo shetani alipopata mlango.

Kazi ilifanyika katika chumba kimoja nyuma ya duka la dawa: meza, viti viwili, feni iliyokuwa inalalamika zaidi kuliko inavyopuliza, na gunia la mitandio kwenye kona. Mwenye Mkeka alishughulika na watu, wifi yake akashughulika na biashara. Huyu alikuwa dada wa mumewe hasa, tumbo moja, na kundi zima lilimwita Wifi mpaka jina lake la kweli likasahaulika. Akichelewa kujibu, akina mama waliandika, "Wifi imekatika." Naye hujibu, "Sijakatika, nilikuwa nakula."

Siri za mtandio Mwenye Mkeka hakumwambia mtu, hata Wifi. Aliona ni amana, na amana mtu huilinda mwenyewe mbele ya Mungu.

Jumamosi ile hakuwepo. Macho yake yalikuwa yamekauka kwa kutazama simu, yanawasha kama yametiwa mchanga, na daktari akampa dawa ya matone na kumkataza kugusa kioo siku mbili. Akatii. Alimkabidhi Wifi simu ya kazi, Jumapili akaenda ibadani na miwani myeusi, akamshukuru Mungu kwa mapumziko. Baadaye aliijutia shukrani ile.

Jumatatu asubuhi alimkuta Wifi amepiga magoti sakafuni, anafunga mizigo.

"Wifi yangu, ukitaka kuumwa tena usione haya," Wifi alisema. "Nimeuza kumi na nne."

"Kumi na nne? Umewapa bure?"

"Bure nani. Wengine hata hawasumbui. Kuna mmoja namuuliza kijani au kahawia, anasema yoyote. Wateja wote wangekuwa kama yule ningenenepa."

Mwenye Mkeka alicheka huku akinyoosha mkono kuchukua simu. Kicheko kikamkatikia njiani. Miaka yote sita aliyouza mitandio hajapata kumwona mwanamke asiyechagua rangi.

"Yupi huyo?"

"Huyo hapo wa Jumamosi mchana. Anajiita Kimya Kingi."

Akaufungua ujumbe na kusoma akiwa amesimama.

*Naomba mtandio. Leo kama inawezekana.*

*Karibu mpenzi. Imebaki ya kijani na ya kahawia. Nikufungie upi?*

*Wowote. Tafadhali leo.*

*Leo dereva amejaa, dada, Jumatatu utaupata bila kukosa. Nitumie unapokaa.*

Hapo zilipita dakika tisa. Kisha mwanamke yule alituma kila kitu: mtaa, duka la vifaa vya ujenzi, nyumba ya pili baada ya duka, mlango wa bluu. Chini yake akaongeza: *Nisipotokea mimi, gongeni sana.*

Wifi alikuwa amemjibu kwa picha ya ua.

Mwenye Mkeka alikaa kitini taratibu, kama mtu anayeketi juu ya yai. Alimjua Kimya Kingi. Mwezi uliopita alimvika mtandio yeye mwenyewe. Mama wa watoto wawili wa kike, mumewe hapigi, hatukani, anasema jambo moja tu kila akikasirika: ipo siku utaamka usiwakute hawa watoto. Akina mama walimshauri mengi. Lakini yeye, faraghani, alimwandikia ahadi kwa vidole vyake: siku ukiona mambo yameiva usipoteze muda kueleza, omba mtandio tu, nitajua, tutakuja kukuchukua wewe na wanao.

Na mwenzake aliomba. Akaulizwa kijani au kahawia.

"Kuna nini?" Wifi aliuliza. "Mbona umebadilika rangi?"

Alimweleza. Wifi alibaki na kamba mkononi, mdomo wazi.

"Mimi nilijuaje?" alisema mwishowe, sauti imekuwa ndogo. "Hata wanaonunua huandika hivyo hivyo. Wewe hukuniambia."

"Sikukuambia."

Walipiga ile namba. Haipatikani. Wakaipiga tena, wakaipiga kwa simu ya Wifi, wakaipiga kwa simu ya muuza dawa. Sauti ya mashine iliwajibu kwa adabu ileile kila mara. Kimya Kingi alionekana mtandaoni mara ya mwisho Jumamosi, saa nane na dakika kumi.

"Liulize kundi," Wifi alisema. "Wanawake elfu kumi na moja. Utaona kama hatujampata jirani yake kabla chai haijapoa."

Mwenye Mkeka akaanza kuandika: *Jamani, nani anamfahamu.* Kidole kikasimama hewani. Kati ya hao elfu kumi na moja wangapi wana waume wanaosoma simu zao? Wangapi wana shemeji, mawifi, mashoga wasio na breki mdomoni? Tangazo lingemfikia jirani, kweli, na lingemfikia mume kabla ya jirani. Akafuta neno moja moja. Alikuwa amejenga nyumba ya watu elfu kumi na moja, na siku ya haja hawezi kupiga hodi.

"Chukua mtandio mmoja," alisema. "Twende tukapeleke oda."

Njia nzima hakusema na Wifi. Alisema na Mungu, kimoyomoyo, na hakuwa na sala ndefu. Mrehemu. Utukutanishe naye. Basi, anarudia.

Mlango ulikuwa wa bluu kama ulivyoandikwa. Aliyeufungua ni mwanamume wa miaka thelathini na ushee, shati limepigwa pasi, sauti ya chini, mtu ambaye ungempa mtoto akushikie.

"Karibuni, mama zangu."

"Tumeleta mzigo wa mama mwenye nyumba," Wifi alisema kwa sauti ya sokoni. "Aliagiza mtandio. Mzuri huo, shemeji, utampenda upya."

Akatabasamu. "Amesafiri na watoto. Wameenda kumsalimia bibi yao. Nipeni mimi."

"Utaratibu wetu anapokea mwenyewe."

"Basi rudini nao."

Wifi akaendelea kumshika kwa maneno, na Mwenye Mkeka akapitisha macho chini ya mkono wa mwanamume. Ukumbi ulikuwa safi. Mwisho wake palikuwa na mlango wa chumba, umepigwa kufuli kwa nje, kufuli jipya linang'aa. Chini, pembeni ya mlango ule, pamewekwa kikombe cha maji kilichofunikwa kwa kisahani. Chumba kitupu hakiwekewi maji.

Mwanamume alianza kuurudisha mlango. Mwenye Mkeka akakaa pale pale kizingitini, mgongo kwenye mlango, mzima mzima.

"Mama, unafanya nini?"

"Presha, mwanangu. Nipumzike kidogo."

"Kapumzikie barabarani."

"Hapa pana kivuli."

Alimsukuma kwa mlango, si kwa nguvu, kama mtu anayejaribu kwanza. Mwenye Mkeka akakunja ngumi na kuanza kuubonda ule mlango kwa nyuma, juu ya bega lake, huku akiita, "Mwenye oda. Mwenye oda. Mwenye oda." Kuita kwa tatu kulipokwisha, ndani kabisa kuliitika kitu. Kofi juu ya mbao. Halafu jingine.

Tabasamu la mwanamume lilitoka usoni kama limepanguswa.

Wifi alikuwa ameshakimbia. Alirudi na mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na mafundi wawili waliokuwa wanapakia saruji, weupe kwa vumbi mpaka kope.

"Baba, fungua hicho chumba," mama wa duka alisema.

"Haya ni mambo ya ndani, mama."

"Ndiyo, ya ndani. Na hilo kufuli nilikuuzia mimi Ijumaa. Uliniambia ni la stoo."

Aliwatazama wote, mmoja mmoja, kama anayehesabu. Kisha akautoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya meza bila kelele, akavaa viatu vyake na kuondoka. Hakukimbia. Alipita katikati ya mafundi, wakampisha. Akafika kona, akapanda pikipiki. Wao walikuwa wanahangaika na kufuli, na furaha ya kufungua iliwafanya wasahau kwamba anayeondoka ndiye pekee mwenye jibu la swali lililokuwa linawangoja humo ndani.

Kimya Kingi alitoka akishikilia ukuta. Hakuwa na jeraha. Midomo ilimpasuka kwa ukavu. Aliangalia nyuso zao, akaangalia chini ya meza, akaangalia nyuma ya mlango.

"Wako wapi wanangu?"

Akamgeukia Mwenye Mkeka.

"Leo ni siku gani?"

"Jumatatu, mama," Mwenye Mkeka alisema.

"Aliwatoa jana alfajiri. Akarudi mchana peke yake." Aliongea polepole, kama anayesoma maandishi ya mtu mwingine. "Nilitayarisha begi Jumamosi. Niliwavalisha. Nikakaa mlangoni na simu, nikijua hiyo Jumatatu ni ya kuzuga tu, mnakuja. Mpaka yeye ndiye akaja."

Wifi alijifunika uso kwa mtandio ule ule wa oda na kulia bila sauti.

Polisi waliandika maelezo. Askari aliyewapokea alikuwa mpole, alimpa Kimya Kingi kiti, akampa na maji, lakini alipoweka kalamu chini alisema, "Baba kuwa na watoto wake siyo wizi. Kwa hilo la kufungiwa tutamtafuta, nalo lina njia zake. Mje keshokutwa."

"Keshokutwa watakuwa wamevuka wapi?" Mwenye Mkeka aliuliza. Askari akaangalia kitabu chake.

Walirudi kwenye chumba cha nyuma ya duka la dawa. Kimya Kingi alikaa kwenye kiti cha Wifi, mikono mapajani. Feni ililalamika. Mwenye Mkeka aliomba Mungu amfanye aseme hata tusi.

"Ungeona ujumbe wangu Jumamosi mngekuja?"

"Ningekuja."

"Saa ngapi?"

"Ndani ya saa moja."

Kimya Kingi alitikisa kichwa, akiipokea. "Alikuja saa kumi," alisema. "Mlikuwa na karibu saa mbili."

Mwenye Mkeka akavuta simu.

"Niwaandikie wenzetu?"

"Waandikie."

"Nikuvike..." Mazoea yalimtangulia. Akajiuma ulimi.

"Wa nini tena. Kilichofichwa amekwisha kukichukua. Andika jina langu lote. Weka uso wangu na wa watoto. Weka na wake."

Akaandika. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita aliandika jina kamili la mwanamke, na mtaa, na idadi ya watoto, na miaka yao: saba na minne. Alisoma mara tatu. Alijua kwamba akibonyeza ujumbe haurudi, na kwamba yule mwanamume, popote alipo, naye ataona anatafutwa na huenda akazidi kutokomea. Alimtazama mama wa watoto. Yule akabonyeza mwenyewe.

Majibu yakaanza kumiminika. *Pole sana dada. Mungu ni mwema. Natuma kwenye kundi la kanisani. Natuma kwa akina mama wa msikitini kwetu. Wanaume hawa.* Mmoja akauliza kama ile mitandio ya kahawia bado ipo, akazomewa mpaka akafuta. Mwingine akasema kwa nini mwanamke akae na mtu kama huyo, na Wifi akamtoa kundini bila kumuaga. Komenti mia, mia tatu, mia saba. Mwenye Mkeka alizisoma zote, macho yakichuruzika, hakujua ni ugonjwa au ni machozi. Hakuna aliyewaona watoto.

Saa tisa na nusu ukaingia ujumbe wa faragha. Mwanachama ambaye hajawahi kuandika neno tangu ajiunge, mkata tiketi kwenye kituo cha mabasi cha mji mwingine.

*Jana nilikatia tiketi mama mmoja mtu mzima na watoto wawili wa kike. Mdogo alikuwa analia. Sina uhakika, picha mliyoweka ni ya zamani. Niambieni walivaa nguo za rangi gani, zikilingana na nilizoziona niende kwenye kitabu cha abiria nitafute walikoenda kabla zamu yangu haijaisha. Imebaki nusu saa.*

Wifi alisoma kwa sauti. Wote wawili wakamgeukia Kimya Kingi.

"Mimi niliwavalisha za njano. Jumamosi. Lakini walilala, Jumapili yeye ndiye aliyewaamsha." Akasimama, akakaa. "Sikuwaona wakitoka. Niliwasikia tu. Mdogo aliuliza kama mama haji."

"Fikiri, mdogo wangu," Mwenye Mkeka alisema, vidole juu ya kioo. "Fikiri polepole. Yupo anasubiri."

"Sikuwaona," alisema. "Nilikuwa nyuma ya mlango."

Mwenye Mkeka akaanza kuandika: *Huenda ni njano.* Akafuta huenda. Akairudisha.