Falsafa ya Protas Ilivyofika Jeddah

Protas alikuwa na digrii ya falsafa na kiti cha plastiki. Kiti kilikuwa katika ofisi moja ya kuajiri wafanyakazi wa nyumbani, mtaa wa Al-Suwaidi, Riyadh, alikokuwa mkalimani wetu sisi Wakenya. Digrii ilikuwa mdomoni, na aliitoa kila alipoona mtu hana pa kukimbilia.

Mimi nilifika pale mwaka 2014, binti wa kanisa kutoka Kakamega, jina langu Sellah. Protas aliitazama fomu yangu, akakata "Mkristo", akaandika "Mwislamu", na jina akanipa Salma.

"Lakini mimi nimeokoka," nikasema.

"Sister, usiulize dini kama ni ya kweli. Uliza ina-work? Imani ni kama kisu, kikikata ni kisu. Kuna familia poa sana mtaa wa Al-Malqa, wanataka Mwislamu wa kumwangalia bibi yao. Na maadili ni hivyo hivyo: jema ni lile linalokufaa."

Ningembishia, lakini nilikuwa nimelala kwenye sakafu ya ofisi siku tisa. Nikawa Salma.

Na kweli, ika-work. Nilipata chumba chenye dirisha, na bibi wa kiti cha magurudumu aliyenipenda kuliko alivyompenda madam, mke wa mwanawe. Nilimwogesha, nikamlisha, na aliposwali nilisimama nyuma yake nikichezesha midomo. Hapo ndipo nilipojichukia. Yule mzee alikuwa akiongea na Mungu wake kwa dhati, nami mgongoni pake naigiza.

Mwaka wa pili tukaenda Jeddah, ili kesho yake tuingie Makka kwa umra. Bibi akasema atasukumwa na Salma, si mwingine. Asiye Mwislamu haruhusiwi kuingia Makka, kwa hiyo nikampigia Protas.

"Ingia tu! Bibi atafurahi, madam atafurahi, wewe kazi unayo. Nani ameumia?"

Nikakata simu. Asubuhi nikapiga magoti mbele ya kiti cha bibi, nikasema mimi ni Mkristo na fomu ilidanganya. Nilijua naweza kurudishwa kwenye ile sakafu. Madam akapiga kelele, akapigia ofisi, akaweka spika.

"Ya Yassir!" akaita.

Aliyeitika kwa jina hilo alikuwa Protas. Akaapa wallahi mara tatu kwamba mimi ndiye niliyewaficha dini yangu. Kisha akashusha sauti, kwa Kiswahili: "Pole, dada. Mimi nina watoto."

"Yassir ameapa," madam akaniambia. "Wewe una nini?"

Hasira ilinipanda hadi machozi yakatoka. "Mwulize padri alimbatiza jina gani."

Protas akakata simu. Falsafa yote ile, na kilichomfaa ni kitufe chekundu.

Bibi akaniuliza, "Ramadhani ulifunga, au ulikuwa unakula jikoni?"

"Nilifunga, bibi. Siku zote thelathini."

"Makka hutaingia," akasema. "Na usisimame tena nyuma yangu ninaposwali." Maneno yale yaliniuma, kwa sababu niliyastahili. Kisha akamgeukia madam, ambaye chokoleti alizokula kwa siri mchana wa Ramadhani sote nyumbani tulizijua.

"Lakini ofisini harudi. Nikimrudisha huyu kwa uongo wa dini, itabidi na wewe nikurudishe kwa baba yako."