Shamimu na Mtani wa Baba Yake

Haya alinisimulia Hamisa, mtoto wa marehemu dada yangu, Jumapili ya kwanza baada ya Idi, alipokuja kunitazama hapa Mikindani. Tulikuwa uani tunamenya mihogo ya kuanika. Nilimuuliza tu, "Na yule binti yako, Shamimu, bado anapiga watu?" Akaweka kisu chini.

Shamimu ana miaka kumi na moja. Alipoanza darasa la kwanza alipelekwa mjini Magomeni kwa shangazi yake Farida, na nyumbani Msimbati akawa mtu wa kuja likizo. Mtoto mpole, ukimwita mara moja ameshafika. Mwaka jana baba yake, Asadi, mkwezi wa minazi, alianguka kutoka juu ya mnazi, akafa kabla hajafikishwa zahanati. Mtoto akaletwa mazikoni. Ilipopita arobaini, Hamisa akasema basi, abaki na mimi, nyumba isiwe tupu. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Kwanza alimpiga Idrisa, mtoto wa jirani yao Alawi, akamng'oa jino kwa jiwe. Wiki haijaisha, mke wa Alawi, jina lake Subira, akafunua sufuria ya samaki akakuta imejaa mchanga. Halafu bata wa Subira wakakutwa wamekufa nyuma ya choo. Kila ubaya ulikuwa unaelekea nyumba ile ile moja, lakini nani aliliangalia hilo? Watu waliangalia jino, mchanga na bata.

"Mtoto wako ana shetani!" Subira akamwambia Hamisa bombani, wanawake wote wakisikia.

"Na wako hana mdomo mchafu?"

"Mdomo anao, jino ndilo hana! Njoo uliokote pale lilipoanguka!"

Wakashikana mpaka ndoo zikamwagika.

Shuleni Shamimu akachapwa. Chuoni kwa maalimu akachapwa. Akapewa kombe, maji yaliyooshewa aya, anywe, akalitema miguuni kwa aliyempa. Hamisa mwenyewe alimpiga kwa mwiko hadi mwiko ukakatika, na mtoto hakulia, alimtazama mama yake kama mtu anayemtazama mwizi. "Mama mdogo," Hamisa akaniambia, "lile jicho liliniuma kuliko matusi yote ya Subira." Na kila akiulizwa kwa nini, anafunga mdomo.

Mwisho Rajabu, kaka mkubwa wa Hamisa, akakata shauri. Kwetu mjomba akisema amesema. Alipata watu huko Newala wanaotaka mtoto wa kazi za ndani. Shule basi. "Akaoshe masufuria ya watu, atatulia," alisema. "Hapa ataua mtu, na atakayeitwa polisi ni mimi." Hamisa alikataa, akalia, akamshika kaka yake miguu. Rajabu alimwambia aache kumlowesha suruali.

Jumamosi asubuhi Rajabu akaja na pikipiki.

"Nguo zako tia kwenye mfuko. Upesi."

Shamimu alikuwa ameikumbatia nguzo ya mlango. "Siendi mpaka nimalize."

"Umalize nini?"

"Alawi."

Rajabu akacheka, kicheko kibaya. "Alawi amekukosea nini, kidudu wewe?"

"Amemuua baba."

Hamisa akamshika mtoto mabega. Akamuuliza mwanawe, nani kakwambia neno hilo?

"Yeye mwenyewe! Alisema mbele ya jeneza, na nyinyi mkacheka. Wewe mjomba ulicheka. Na wewe mama ulicheka, nilikuona!"

Hamisa akakaa chini pale pale kwenye mchanga.

Wajukuu zangu wa mjini, hili nawaeleza nyinyi, maana mngeweza kukosea kama alivyokosea Shamimu. Ukoo wa Alawi na ukoo wa Asadi ni watani tangu mababu. Mtani ndiye anayechimba kaburi, na msibani ana ruhusa ya kusema lolote na kuchukua kitu cha marehemu, wala hakasirikiwi. Siku ile Alawi alivaa kofia ya Asadi, akajilaza njiani jeneza lisipite, akapiga kelele: "Nimemuua mimi! Nimemtikisa mnazini kama dafu! Kila nikienda kwake ameshamaliza ugali! Nani atanizuia nisirithi sahani?" Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Hamisa naye alicheka, na ndicho kitu cha pekee kilichopita kooni mwake siku ile. Mtoto yeyote aliyekulia Msimbati angejua. Huyu alikulia kwa shangazi, msiba wa nyumbani alikuwa hajawahi kuuona, na hakuna mtu mzima aliyekumbuka kumshika mkono akamwambia, mwanangu, hivi ni utani.

Miezi yote hiyo mtoto anakaa jirani na mtu ambaye yeye anaamini ndiye kamuua baba yake, na anaona kijiji kizima kinamwamkia.

"Kumbe ndiyo hiyo?" Rajabu akasema. "Ule utani, mjinga wewe!" Akaangua kicheko tena, na Shamimu akamrukia, akamuuma mkono mpaka damu ikatoka.

"Mnamtetea! Wote mnamtetea!"

Rajabu akainua mkono wa pili ampige. Hamisa akasimama katikati.

"Humpigi."

"Hamisa, ukimzuia huyu usiniite tena kaka."

"Sikuiti. Kaa kwenye pikipiki yako unisubiri."

Akamkamata mtoto mkono, wakavuka ua hadi kwa Alawi. Alawi alikuwa chini anasuka dema, ule mtego wake wa samaki, na ile kofia ya Asadi iko kichwani mwake. Subira akatoka jikoni na mchi.

"Amefuata meno yaliyobaki?"

"Sina shida na wewe," Hamisa akamjibu. "Alawi, mwambie mtoto ukweli wa siku ile ya mazishi."

Alawi hakuinua macho. "Utani hauelezwi. Babu yangu hakueleza, baba yangu hakueleza. Anayekasirikia utani ndiye mwenye kosa, na wewe Hamisa unajua. Mwanangu kang'olewa jino, nimekaa kimya nangoja uje kuniangukia, halafu unanijia na mashitaka?"

"Anaamini ulimuua baba yake kweli."

Alawi akafungua mdomo. Hamisa anasema aliuona mzaha unakuja, umeshafika kwenye meno. Lakini Shamimu alimtangulia.

"Ulimtikisa?"

Mkononi ana jiwe. Hakuna aliyemwona akiliokota.

Alawi akafunga mdomo, akaweka dema pembeni. "Sikumtikisa. Nilikuwa chini naokota nazi, nikasikia kishindo. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani. Alinikojolea mgongo mzima, mtu mzima yule, na shati nililifukia nyuma ya nyumba asije mtu akaliuliza. Hilo nilikuwa sijamwambia hata huyu mke wangu. Sasa umeridhika? Umenifanya nimvue nguo marehemu mbele ya watu!"

"Kwa nini ulisema umemuua?"

"Kwa sababu ni mtani wangu! Mama yako alikuwa amekauka kama kuti, hata maji hayamezi. Nisingemchekesha mimi, angemchekesha nani?"

"Mimi sikucheka."

"Nimesikia!" Alawi akafoka. Kisha akashusha sauti kidogo, kidogo tu. "Tupa jiwe hilo. Mtoto wa mtani wangu ni mtani wangu. Mdomo unao, nitukane utakavyo, nikikasirika kosa ni langu. Lakini jiwe moja tena, wallahi, nakuvunja mkono."

Shamimu akafungua vidole. Jiwe likaanguka.

"Kichwa chako kama dema bovu."

"Endelea."

"Madema yako hayakamati hata kaa. Mkeo anapika mchanga kwa kukosa samaki!"

Idrisa akacheka, pengo lote nje, Subira akamzaba kofi. Alawi hakucheka. Mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama.

"Endelea, nimesema."

"Ulivyojilaza njiani tulidhani bahari imetupa mzoga! Hata fisi angekuruka! Na kofia ya baba ivue, una chawa, ivue!"

Maneno ya mwisho yalitoka na kilio. Tangu siku ya mazishi alikuwa hajalia, na sasa alilia huku anatukana, kamasi na matusi pamoja. Mtani hamnyimi mtani wake. Alawi akavua kofia, lakini hakumpa mkononi. Aliitupa mchangani mbele ya miguu ya mtoto, akageukia dema lake.

"Watani ni nyinyi," Subira akasema. "Jino la mwanangu si la utani. Nani analirudisha?"

Hamisa alimwomba radhi, Subira akatema mate pembeni. Mpaka leo hawaamkiani.

Waliporudi, Rajabu alikuwa amejifunga leso mkononi. Akamwangalia mpwa wake anavyolia, kofia kaibana kifuani, akamwangalia dada yake.

"Leo namwacha. Nikisikia jiwe jingine nakuja na kamba." Akawasha pikipiki, akaondoka bila kuaga.

Hamisa akakoroga uji. Mtoto hakuunywa. Alijilaza mkekani, jua la saa nne liko mlangoni, akaweka kofia chini ya shavu, na usingizi ukamchukua akiwa bado ana kwikwi. Hamisa akakaa kizingitini, miguu nje, ili yeyote atakayekuja aanze na yeye. Ng'ambo ya ua Subira alikuwa ameanza upya: mtoto, bata, jino, mjane asiyejua kulea. Hamisa aliegemea nguzo asimjibu. Yaliyofuata aliambiwa na majirani, kwamba Subira alipanda mpaka akafika kumtukania mama yake mzazi, yaani dada yangu, na Hamisa hakusikia. Alikuwa ameshalala.