Gongo Halina Wanga

Kwa siku arobaini Bekha Lal Maharjan hakutia punje ya wali kinywani, na kila kilichobaki duniani kilianza kumnukia vibaya. Mayai yalinuka banda la kuku. Samaki wakavu walinuka soksi za mlinzi. Maji ya karela, lile tunda chungu la kushusha sukari, ambayo bintiye Rojina alimkamulia kila asubuhi, hayakunuka, ila yalikuwa na ladha ya kulamba betri. Hata pumzi yake ilikuwa imegeuka. Mkewe, Hera Maya, alisema inafanana na maembe yaliyosahaulika kwenye gunia, kisha akageukia ukutani.

Aliyavumilia yote hayo kwa ajili ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Alikikata kwa jembe wakati wa kuvuna vitunguu saumu na tangu hapo kikakataa kupona. Kilikuwa na rangi ya bilinganya, na kitambaa kilipofunguliwa paka alitoka chumbani mwenyewe bila kufukuzwa. Daktari alikuwa amesema wazi: sukari ikishuka, kidonda kitajifunga, isiposhuka kufikia Alhamisi, kidole kitaondoka. Bekha Lal alikuwa ametembea peku kwenye matope ya mpunga miaka sitini na moja, na hakukusudia kuimalizia na vidole tisa.

Shida ilikuwa Jumamosi, siku tano kabla ya Alhamisi hiyo. Ukoo mzima ulikuwa unakwenda kumwabudu mungu wake bondeni chini ya mji wao wa Kirtipur, halafu unakula kwa Gyan Lal, mtoto wa baba yake mdogo. Kichwa cha mbuzi wa sadaka hugawiwa wazee kwa umri: wa kwanza jicho la kulia, wa pili la kushoto, wa tatu sikio la kulia, wa nne la kushoto. Mzee mmoja alikuwa amefariki majira ya baridi, kwa hiyo sikio la kushoto sasa lilikuwa la Bekha Lal. Alilisubiri maisha yake yote. Hata angebebwa kwa machela angekwenda.

Lakini anayekaa kwenye mkeka wa wazee hao hunywa. Mama mwenye nyumba hupita na birika la shaba akimimina thwon kutoka juu, ile pombe nyeupe nzito ya mchele, na bakuli likipungua tu hulijaza. Kukataa ni kama kumgeuzia mgongo mungu aliyetoka kuabudiwa. Bekha Lal aliwaza kwamba mchele wa kunywa ni mchele tu, akamwendea Rojina, ambaye ni muuguzi.

"Uiache pombe kabisa, baba," Rojina alimwambia. "Ikikushinda, thwon na bia ni wanga mtupu, na mvinyo wa matunda ni sukari. Gongo halina wanga. Lakini vijiko viwili tu, na uwe umekula."

Katika maneno yote hayo, Bekha Lal aliondoka na matatu: gongo halina wanga.

Jumamosi hakula tangu alfajiri, kwa kuwa anayekwenda kuabudu hufunga. Kidonge cha kushusha sukari alikimeza kwa wakati wake, maana utii usiomgharimu kitu hakuwa na shida nao. Kufika adhuhuri akawa ameketi wa nne kwenye mkeka, kifua mbele, akamtangazia shemeji yake Tulsi Maya, mke wa Gyan Lal, kwamba yeye mwaka huu ni mtu wa gongo.

Tulsi Maya alileta kisahani cha udongo, kile kidogo cha kunywea gongo, ambacho shomoro angekimaliza kwa mkupuo mmoja. Kulia kwake wazee walishika mabakuli. Kushoto walishika mabakuli. Gyan Lal akamuuliza kama amekuja kula karamu au kuposwa, na mkeka mzima ukacheka. Bekha Lal akakisukuma kisahani pembeni na kusogeza bakuli lake.

"Humo, shemeji? Hili si thwon," Tulsi Maya alisema.

"Hayo ni maji tu. Hayana wanga. Jaza."

Gongo la mwaka ule lilikuwa limeungua chunguni, likawa na harufu ya nywele zilizoshika moto. Lilipita kooni kama limevaa viatu. Pepeta, ule mchele uliotwangwa bapa, iliyokuwa kwenye sahani yake ya majani, ambayo kwa kawaida hufuta mafuta mdomoni, aliisogeza kando kwa kidole kama mtu anayesogeza mdudu. Ikabaki nyama. Nyama mbichi ya nyati iliyosagwa na kumiminiwa mafuta ya moto. Mapafu yaliyojazwa na kukaangwa. Na vile vifuko vya utumbo vilivyotiwa uboho na kufungwa uzi, ambavyo kwa kawaida alivipenda kuliko wanawe. Hakuna hata kimoja chenye wanga. Alikula vifuko saba. Kila kimoja kilipasuka mdomoni na kumwaga uboho wa vuguvugu, na bila pepeta uboho huo haukuwa na pa kwenda. Uligandia kwenye kaakaa kama mshumaa. Akausukuma chini kwa bakuli la pili.

Ndipo likaja sikio. Lilikuwa limebabuliwa nusu nusu, baridi, lina vinyweleo, na ndani ya tundu lake kulikuwa na kitu cha manjano ambacho hakutaka kukichunguza. Hii ndiyo heshima yenyewe, alijiambia. Akalitafuna. Lilitoa mlio wa gegedu. Akaomba bakuli la tatu, si kwa uroho, bali kuuondoa ule mlio.

Mikono ilianza kutetemeka. Jasho la baridi likamtoka shingoni, na uso wa Gyan Lal ukawa nyuso mbili, hasara kubwa kwa mtu yeyote. Alitaka kusema hajisikii vizuri, yakatoka maneno yaliyopondeka. Mkeka ukaangua kicheko. Gyan Lal akasema gongo la mke wake limemkuta mwanamume asiye na tumbo.

Rojina alikuwa akigawa nyama mwisho wa mstari. Alimtazama baba yake mara moja, akaweka sinia chini. Alimshika shingo, akahisi ule unyevu wa baridi, akawaambia wazee kwa sauti ya wodini kwamba huyu hajalewa tu, kidonge na gongo bila wanga vimemmalizia sukari mwilini. Tulsi Maya akakimbia kuleta mtindi mtamu uliokuwa ukisubiri mwisho wa karamu. Rojina akamwinulia kijiko.

Bekha Lal akakaza meno. Kati ya yote yaliyokuwa yakimzunguka, jambo moja lilisimama imara kichwani.

"Una sukari," alisema kwa shida. "Kidole changu."

"Baba, ukifa utaondoka nacho hicho kidole. Fungua mdomo."

Aliufungua, lakini kilichotangulia hakikuwa cha kuingia. Kilitoka chote pamoja mbele ya wazee watatu wa ukoo: gongo, uboho, nyama mbichi, sikio, na uzi mrefu wa kifuko ulioning'inia kwenye kidevu chake mpaka bintiye akauvuta, nao ukaendelea kuja. Mzee wa kwanza alifunika jicho lake la mbuzi kwa kiganja. Harufu ilipomrudia puani, ile ya nywele zilizoungua pamoja na mafuta yaliyoganda, Bekha Lal alitapika tena, safari hii kwa sababu ya harufu tu. Kisha akalishwa mtindi kama mtoto, kijiko baada ya kijiko, mpaka nyuso za Gyan Lal zikarudi kuwa moja.

Alhamisi daktari alifungua kitambaa. Pembeni mwa kidonda nyama changa ya waridi ilikuwa imeanza kujitokeza. Rojina alimweleza ya karamu bila kuacha hata uzi. Daktari alisema kidole kina mwezi mmoja wa kujitetea, kwa sharti kwamba pombe iishe, ya aina yoyote, yenye wanga na isiyo nao. Wagonjwa wa Kirtipur alikuwa akiwafahamu, ndiyo maana alisema hivyo bila matumaini. Akachukua pamba, akailowesha spiriti, akaishika ncha ya kidole cha mkono cha Bekha Lal ili amtoboe na kupima damu.

Mvuke wa spiriti ulipanda taratibu. Bekha Lal aligeuza uso, akaziba mdomo kwa kiganja cha mkono wa pili, na tumbo lake likaruka mara mbili ndani ya shati huku machozi yakimtoka.

"Hiyo pamba," alisema alipoweza, "iweke mbali, daktari. Nakuomba."

Daktari akaitupa pamba, akaomba maji na sabuni. Kwenye faili, pale palipoandikwa mgonjwa hutumia kileo gani, akaandika: hakuna.