Uzao wa Malkia

Malkia alijifungua asubuhi, wakati wauza maandazi wa Majengo wakipita na ndoo zao, na Daktari Goreth aliwapokea watoto mmoja mmoja kwa taulo kuukuu. Walikuwa saba. Aliwafuta ute puani, akawafunga vitovu kwa uzi, akawapima uzito kwenye mzani wa kupimia sukari, kisha akawapanga ndani ya boksi la mbao, kila mmoja mdomo wake kwenye chuchu. Alipomaliza kunawa mikono na kurudi, wote saba walikuwa wamempa mama yao kisogo. Walikuwa wamelala kwa mstari, pua zimeelekea dirishani.

Mtoto wa mbwa huzaliwa macho yamefumbwa na masikio yameziba. Anachokijua ni joto, na hulitambalia kokote liliko. Kwa hiyo Goreth alidhani amekosea kuitundika balbu. Akaihamishia upande wa pili. Hawakujali. Akaligeuza boksi zima, pa kichwa pakawa pa miguu, na watoto wakaanza kujikokota kwa matumbo, wakikanyagana, mpaka pua zote zikarudi dirishani.

"Wanaangalia Litapunga," alisema Isidori, msaidizi wake, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye hakuwa na haraka na jambo lolote.

"Wanaangalia dirisha."

"Dirisha likiisha ni soko. Soko likiisha ni barabara ya Litapunga." Akabeba karai, akaenda kumwaga maji.

Hawakunyonya mpaka Goreth alipomhamishia Malkia upande wa dirishani na kumlaza tumbo likiwaelekea. Hapo wakashika chuchu, wakanyonya kwa bidii, na kazi nyingine za kliniki zikaendelea.

Goreth alikuwa bingwa wa uzazi wa mbwa, na Mpanda nzima hapakuwa na mwingine. Aliporudi kutoka masomoni Morogoro watu walimcheka hadharani: mbwa naye atafutiwe mchumba? Shangazi yake kule Mpimbwe aliwaambia majirani kwamba binti anatibu ng'ombe, ili kuficha aibu. Aliyewanyamazisha wote ni Gelasius. Gelasius alikuwa na shamba kubwa Litapunga, mahindi upande mmoja na malisho upande mwingine, na alitaka mbwa wa kulilinda wanaolingana kimo na ukali. Goreth alimchagulia madume, akayavizia majike siku zao za joto, akayapandikiza mbegu kwa mpira mwembamba, na kila uzao ulitoka bora kuliko uliotangulia. Nyumba ya kliniki ilikuwa ya Gelasius. Hata mbwa aliyechorwa kwenye bango la nje alikuwa wake.

Wakati wa mvua, kijana mmoja wa Kisukuma, Machibya, aliingia shambani humo akifuata mitamba miwili iliyopotea. Mitamba ilirudi, yeye hakurudi. Gelasius alisema kijana alipitiliza hadi hifadhini, na kule kuna fisi. Watu wakasema ni kweli, fisi wapo. Wiki hiyohiyo Malkia, jike la Gelasius, aliletwa kupimwa mimba. Goreth alikuwa akimpaka jeli tumboni ili amtazame kwa mashine pale mbwa alipotapika sakafuni ukanda wa katambuga, zile sandali za tairi wanazovaa wachungaji, msumari wake ukiwa bado umo. Goreth aliutazama. Akajiambia kwamba mbwa hula chochote. Isidori aliuzoa pamoja na pamba chafu, akauchoma nyuma ya nyumba.

Mama yake Machibya aliitwa Matilda. Kila alipokuja mjini alipitia kliniki, akakaa kwenye benchi la wateja akiwa hana mnyama yeyote. Kwao msiba ulikuwa haujakaliwa, maana hapakuwa na wa kuzikwa, na mke wa Machibya bado alimpakulia mumewe chakula kila jioni, asubuhi akakimwagia kuku. Matilda alitaka kujua mwanaye alipo. Hakutaka fidia wala kesi, alitaka mahali. Goreth alimletea chai, naye akainywa polepole, akasema, "Asante, dokta," akaondoka.

Gelasius alipokuja kuuona uzao, Goreth alimweleza habari za pua. Gelasius alichuchumaa akawatazama kwa muda.

"Wana afya?"

"Wana afya."

"Basi. Mbwa kuwa na msimamo sio ugonjwa." Akajifuta magoti. "Jumamosi nafungua josho langu. Wafugaji watakuja na ng'ombe wao, na wateja wa hawa watoto watakuwepo. Niletee."

"Bado wachanga mno, mzee. Hata macho hawajafungua."

"Hapo ndipo wanapopendeza." Alikuwa akipapasa ukuta wa kliniki kwa kiganja, akiangalia kama plasta inahitaji kurekebishwa. Goreth akasema sawa, watafika.

Jumamosi hiyo Isidori ndiye aliyeendesha. Goreth alikaa nyuma na boksi mapajani, Malkia miguuni pake. Gari lilipokata kona, watoto nao waligeuka taratibu, wasiache kuelekea kulekule. Getini mwa shamba walianza kulia kwa sauti ndogo, wote sauti moja. Gari lilipolipita ghala waligeuka kwa pamoja mkono wa kulia, na mkono wa kulia ndiko lilikokuwa josho.

"Si nilisema," alisema Isidori, akazima injini.

Josho lilikuwa zuri. Lilikuwa na handaki refu la dawa, ng'ombe waingie upande huu waogelee watokee ule, na pembeni yake simenti imemwagwa pana na kusuguliwa ikang'aa. Palikuwa na turubai, viti vya plastiki na spika. Malkia alikataa kushuka garini. Aliingia chini ya kiti akabaki hukohuko. Goreth alitandika kanga juu ya simenti, akawaweka watoto katikati ili wageni wawaone. Hawakukaa kwenye kanga. Walijikokota juu ya simenti mpaka mahali fulani karibu na mlango wa josho, hapo wakazunguka, wakazielekeza pua chini kabisa, wakanyamaza.

Goreth aliwarudisha kwenye kanga. Wakarudi palepale. Aliwarudisha tena kwa sababu watu walikuwa wakitazama, na tena wakarudi.

Mgeni rasmi aliuliza kama simenti ina joto la jua. Siku ilikuwa ya mawingu tangu alfajiri. Hakuuliza mara ya pili, ila alinyanyua kiti chake akakirudisha nyuma kidogo, na waliokaa naye wakanyanyua vyao. Mshereheshaji akaita kundi la kwanza la ng'ombe.

Matilda alikuwa kwenye foleni na ng'ombe wa nyumbani kwake. Alimpa jirani fimbo yake, akaja akaketi juu ya simenti kando ya watoto wa mbwa, miguu ameinyoosha kama wanawake wanavyoketi msibani. Akaweka kiganja chini. Mtu mmoja akapunguza sauti ya spika.

"Dokta," alisema Matilda, "wewe ndiye uliyewasomea hawa. Wananusa nini?"

Goreth alijua. Alijua tangu siku ya ule ukanda wa katambuga. Alimtazama Gelasius, naye Gelasius alikuwa akimtazama kwa upole kabisa, mikono ameifumbata tumboni.

"Hawanusi kitu, mayu," Goreth alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Ni wachanga. Wanafuata joto."

Aliisikia sauti yake ikitoka imenyooka, sauti ya mtaalamu, na akaona aibu mpaka masikio yakamwaka. Matilda hakuondoa kiganja.

"Simenti ni ya baridi," alisema.

"Ndiyo, mayu."

"Haya."

Akainuka, akachukua fimbo yake kwa jirani. Ng'ombe waliogeshwa wote, na Gelasius alipigiwa makofi.

Njiani kurudi Isidori aliendesha hadi taa za Mpanda zikaanza kuonekana. "Ungesema," alisema.

"Niseme nini? Kwamba nimeonyeshwa na watoto wa mbwa?"

"Mtoto wa mbwa hawezi kuandikisha maelezo," Isidori alikubali. "Lakini wewe una mdomo."

Goreth aligeukia dirishani. Ndani ya boksi, watoto wote walikuwa wameligeukia shamba waliloliacha.

Macho yao yalifunguka kwa wakati wake, masikio yakazibuka, na msimamo haukubadilika. Wateja walielezwa mapema na hakuna aliyelalamika. Baada ya muda watu wa Majengo walizoea, wakajenga mabanda ya mbwa milango ikielekea Litapunga, maana vinginevyo mnyama alilala akiutazama ukuta, akakonda. Mrina asali mmoja alimchukua wake porini kama dira, ili yeye mwenyewe asipotee tena. Josho nalo lilifanya kazi vizuri. Kupe walipungua, na wafugaji walimsifu Gelasius hata vilabuni.

Wa saba alikuwa mdogo kuliko wote na hakupata mteja. Matilda alimfuata mwenyewe.

"Huyu hatakuwa mkali, mayu," Goreth alimwambia. "Kwa ulinzi hafai."

"Simtaki kwa ulinzi." Alimfunga kwenye kitenge, mgongoni, akaondoka naye hivyo.

Wiki iliyofuata habari zikaja kwamba kwa kina Machibya wamekaa msiba. Goreth alikwenda. Alikuta watu wamenyoa vichwa na mikeka imetandikwa uani. Mbwa alikuwa amewekwa mbele juu ya gunia, amelala kama ilivyo kawaida yake, na waombolezaji wote walikuwa wameketi nyuma yake wakielekea alikoelekea. Mke wa Machibya alikuwa wa kwanza kutupa konzi ya udongo upande huo, kisha ndugu, kisha majirani. Goreth naye alitupa yake. Udongo ulimbaki kwenye kucha, na alitamani kulia, lakini hakuona kama ana haki ya kulia mbele ya watu hawa.

Katekista alikuwa katikati ya sala Gelasius alipofika. Alikuwa amekuja kama jirani mwema, na ndama na gunia la mchele wa Mpimbwe. Aliwapa pole, wakamwitikia. Mzee kama yeye hakalishwi mkekani, kwa hiyo aliletewa kiti, kikawekwa mbele, na yeye akakalia.

Mbwa aliinua kichwa. Alinyoosha shingo kulia, kisha kushoto, kisha akabaki ameinua shingo. Katekista alinyamaza. Uani pote watu walisubiri.

"Baba," alisema Matilda, kwa heshima, "sogea kidogo. Unatuzibia."

Gelasius alisema samahani. Alijaribu kusogea, lakini miguu ya kiti ilikuwa imezama mchangani, na mwili wake ulikuwa mzito. Goreth ndiye aliyekuwa karibu. Aliinuka, akamshika mkono akamwinua, akakichomoa kiti, akakiweka pembeni kivulini na kukikung'uta mchanga kwa upindo wa kitenge chake. Gelasius alimshukuru, akaketi, na sala ikaendelea pale ilipoishia.