Ubao wa Kupimia Ngege

Mwaka 1966 nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ya samaki pale Homa Bay, na mpaka leo sina subira na watu wapole. Dishon alikuwa mpole kupita kiasi. Amemaliza Makerere, ana shahada mbili, na miaka miwili mizima alikuwa akipima ngege, wale samaki wa ziwa, ufukoni Mbita, lakini ukimkanyaga mguu yeye ndiye anayeomba msamaha.

Chuo kimoja cha Kanada kilikuwa tayari kumfikiria kwa masomo ya udaktari, si ule wa sindano, ule wa vitabu. Kilitaka barua tatu za watu wanaoijua kazi yake. Walimu wake wawili walituma zao. Ya tatu ilipaswa kutoka kwa mkubwa wetu, Bwana Ondieki, na isipofika kabla ya mwisho wa Machi, nafasi itakwenda kwa mwingine. Ondieki alimwambia kama mabosi wote wanavyosema, andika mwenyewe, mpe Phelesia apige chapa, nitatia sahihi. Phelesia ndiye mimi.

Dishon akaniletea karatasi. Mungu wangu! Alikuwa ameandika kwamba Dishon hanywi pombe, havuti sigara, ana mke mmoja, na Sabato hakosi kanisani. Ndiyo barua aliyoizoea, ile mchungaji anayokupa ukihamia kanisa lingine. Nikamuuliza kama anakwenda Kanada kubatizwa. Akasema mtu hajisifu.

"Kwenye ngoma watu wanalipa wasifiwe," nikamwambia, "wewe unapewa bure unakataa?"

Ile karatasi niliichana, nikaandika yangu.

Niliandika ninachokijua. Mwaka uliotangulia Dishon aligundua kwamba rula kwenye ubao wake wa kupimia ilipigiliwa vibaya, imepotoka nusu inchi. Miezi mitano ya samaki, yote si kweli. Hakuna mtu angejua, hata Ondieki. Yeye mwenyewe alikuja ofisini, akaomba kurasa zote arobaini zifutwe, akaanza upya na samaki wa kwanza. Kurasa hizo nilizipiga chapa mimi kwa vidole hivi. Siku hiyo nilimtukana mpaka nikaishiwa matusi, nikachukua ule ubao uliopotoka kuwa fidia yangu. Yote hayo niliyaandika, isipokuwa matusi.

Kwa bahati mbaya barua ilifika kurasa mbili, na Ondieki, asiyesoma kitu, akaisoma kwa sababu ya urefu huo. Akatuita wote wawili. Dishon alipoona habari ya rula, alinigeukia.

"Nyar Rusinga, umenimaliza," akaniambia, akiniita binti wa Rusinga, kisiwa nilikozaliwa. "Nani atamchukua mtu asiyejua kupima samaki?"

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nimeiona barua hiyo kuwa nzuri kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira ni hasara. Ondieki akaivuta kalamu. Nilidhani anafuta. Kumbe aliandika chini, kwa mkono wake: "Barua hii si yangu. Imeandikwa na Phelesia, mpiga chapa wetu, ambaye anaijua kazi ya huyu mtu kuliko mimi. Kila neno ni kweli." Akatia sahihi, akanisukumia kalamu nitie yangu.

Barua ya mpiga chapa, kwa maprofesa! Miezi mitatu Dishon hakunisalimia vizuri, nami sikumlaumu. Kila mfuko wa posta ulipofika niliufungua mimi wa kwanza.

Jibu lilikuja Juni. Dishon alilisoma amesimama mlangoni, kisha akalisoma tena, akaniletea mezani. Wamemchukua, na ada watamlipia. Mwisho kabisa waliongeza kwamba, kama ule ubao bado upo, aje nao, wangependa kuutundika mahali wanafunzi wapya wanapojifunza kupima.

Akaniuliza niliutupa wapi. Nikaona haya, mimi ambaye sioni haya. Ubao ulikuwa jikoni kwangu, mwaka mzima naukatia vitunguu. Jioni ile niliusugua kwa mchanga na majivu mpaka namba za rula zikaonekana, na bado ulinuka kitunguu alipoufunga kwenye sanduku lake.